BAJETI YA SERIKALI NA MFUKO WA KARANI

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya mkutano wa wanachama



Neno tuliloletewa na Kamati si tamu, maana ni neno la hesabu, nasi sote twatoka kazini tumechoka na hesabu. Lakini hesabu za mchana ni za Serikali. Hizi za jioni ni zetu wenyewe, na za watoto wetu. Ni aibu kidogo kwamba sisi tunaopatanisha vitabu vya fedha za watu mpaka senti ya mwisho, hati zetu za mshahara twazikunja na kuzitia mfukoni bila kuzisoma.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha husimama katika Bunge kule Dodoma, akasoma makadirio ya mapato na matumizi. Kesho yake ofisini hapana habari nyingine. Huyu husema kodi imeshuka, yule husema imepanda, wa tatu husema hayamhusu. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha huanza, Sheria ya Fedha hushika kazi, na kelele zote hunyamaza. Mwisho wa mwezi huo hati ya mshahara huja, wala hapana anayekaa chini kuilinganisha na ile ya Juni. Hilo ndilo tunalotaka kulitengeneza leo.

Wazee wetu waliijua kodi kwa kuiona kwa macho. Tangu mwaka 1898 Wadachi walitoza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa nyumba ya shamba, na asiyekuwa na rupia alitoa kazi ya mikono yake. Waingereza nao waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Baada ya uhuru watu walitozwa kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Kodi hizo zilikuwa nzito, tena nyingine zilikuwa za dhuluma, lakini hazikujificha: mtu aliombwa stakabadhi njiani, akajua kama amelipa au hajalipa. Kodi za siku hizi hazibishi hodi. Zimo katika mshahara kabla hujaupokea, zimo katika lita ya mafuta, katika mfuko wa saruji, katika umeme, na katika simu. Kwa hiyo anayetaka kuzijua hana budi kuzitafuta.

KODI YA MSHAHARA

Na tuanze na mshahara, maana ndiyo shamba letu. Kodi ikatwayo humo, ambayo makarani wote huiita PAYE, ina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya. Sehemu ya kwanza ni kiasi kisichotozwa kitu. Sehemu ya pili ni kiwango, yaani shilingi ngapi katika kila mia, kinachotozwa juu ya kile kinachozidi kiasi hicho. Bajeti ikitajwa, watu huuliza kiwango tu. Sisi twawaambieni kwamba kwa mtu wa mshahara mdogo neno kubwa ni ile sehemu ya kwanza, na tutaonyesha kwa mfano.

Tumtwae mtumishi wa kima cha chini wa Serikali, aliyekuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi. Kabla ya kodi kuhesabiwa, hukatwa kwanza mchango wake wa pensheni, asilimia 5, yaani shilingi 15,000. Ikabaki 285,000 ya kutozwa kodi. Hadi Juni 2020 kiasi kisichotozwa kilikuwa shilingi 170,000. Kilichozidi kilikuwa 115,000, na kwa kiwango cha asilimia 9 alilipa shilingi 10,350. Kuanzia Julai 2020 kiasi kisichotozwa kilipandishwa kuwa shilingi 270,000. Kilichozidi sasa kilikuwa 15,000 tu, na kodi yake ikawa shilingi 1,350. Mtu huyu aliachiwa shilingi 9,000 kila mwezi, na kiwango hakikuguswa hata kidogo.

Mwaka uliofuata, 2021, kiwango kilishushwa kutoka asilimia 9 mpaka 8. Habari hiyo ilishangiliwa sana, na magazeti yaliiandika kwa herufi kubwa. Je, mtumishi wetu alipata nini? Kodi yake ilitoka 1,350 ikawa 1,200. Alipata shilingi 150 kwa mwezi. Hata mkubwa wake mwenye mshahara wa mamilioni hakuweza kupata kwa badiliko hilo zaidi ya shilingi 2,500, kwa kuwa kiwango hicho chahusu fungu lililo kati ya 270,000 na 520,000 tu. Basi lile lililopita kimyakimya lilikuwa na faida mara 60 ya lile lililoshangiliwa. Hatusemi hivi ili kuwadharau walioshangilia, maana nasi tulikuwa miongoni mwao.

Sasa twendeni mbele. Julai 2022 kima cha chini kilipandishwa kutoka 300,000 mpaka 370,000. Siku ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 2025, ilitangazwa kwamba kitapandishwa tena kwa asilimia 35.1, kiwe shilingi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Ni nyongeza ya kushukuriwa, nasi twashukuru. Lakini katika mwaka huo wa fedha wa 2025/26 kiasi kisichotozwa kilibaki palepale pa mwaka 2020, shilingi 270,000. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Shilingi 500,000 ukitoa pensheni 25,000 hubaki 475,000. Ukitoa 270,000 hubaki 205,000. Asilimia 8 ya hizo ni shilingi 16,400.

Yaani mtumishi wa cheo kilekile, anayefagia ofisi ileile na kupeleka majalada yaleyale, alikuwa akilipa shilingi 1,350 mwaka 2020, na mwaka 2025 akalipa 16,400, ingawa kiwango chenyewe kilishuka. Mwaka 2020 kiasi kisichotozwa kilikuwa sehemu tisa katika kumi za mshahara wake. Mwaka 2025 kilikuwa nusu na kidogo. Hapana sheria mpya iliyomwongezea kodi. Mshahara ulipanda ngazi, na mstari wa kodi haukupanda pamoja nao.

Haki yataka tuseme na upande wa pili. Mtu huyu hakurudi nyuma kwa kodi hii. Fedha inayomfikia mkononi ni nyingi kuliko zamani. Na Serikali haikusanyi ili izike ardhini. Makadirio ya mwaka 2025/26 yalikuwa shilingi trilioni 56.49, na humo hutoka mishahara yetu sisi wenyewe. Mwaka 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ilifutwa, na wengi wetu tuna watoto humo. Hatukuja hapa kulaumu. Twataka kila mmoja ajue anachotoa, ili ajue pia anachoweza kuomba.

NYONGEZA ILIYOKOPWA KABLA YA KUJA

Tuwape kisa cha mwenzetu mmoja, naye ametupa ruhusa ya kukisema bila jina lake. Mwezi wa Mei 2025, aliposikia habari ya nyongeza, alitoa 370,000 katika 500,000 akapata 130,000. Wiki ileile alikwenda kwa mkopeshaji, akatia sahihi kulipa shilingi 130,000 kila mwezi ili aezeke nyumba yake. Julai ilipofika, fedha iliyozidi katika mkono wake ilikuwa shilingi 109,720. Kodi ilikuwa imezidi kwa 9,880, pensheni kwa 6,500, na bima ya afya, ambayo ni asilimia 3, kwa 3,900. Jumla ilipungua shilingi 20,280, na itapungua hivyo kila mwezi mpaka deni liishe.

Hapana mtu aliyemdanganya. Tangazo lilikuwa la kweli, na makato yalikuwa ya halali. Kosa lilikuwa kuhesabu mshahara wa kutajwa badala ya mshahara wa kupokea. Nyumba imeezekwa, ndiyo, lakini nauli ya mtoto ya kwenda shule sasa hutafutwa kila Jumatatu kwa jirani. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: usikope juu ya tangazo. Ngoja hati ya mshahara ya Julai, iweke kando ya ile ya Juni, ndipo uende kwa mkopeshaji. Tena kumbukeni kwamba kanuni yataka theluthi moja ya mshahara wa mtumishi isiguswe na madeni. Kanuni hiyo iliwekwa kumlinda mtumishi, basi yeye mwenyewe asiwe wa kwanza kutafuta njia ya kuikwepa.

KODI ZISIZOANDIKWA KATIKA HATI YA MSHAHARA

Baada ya mshahara kutoka mlangoni, kodi nyingine huungoja njiani. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Ilitozwa kwa kadiri ya fedha, na juu kabisa ilifika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Mtoto aliyempelekea mama yake fedha kijijini alitozwa kwa kutuma, na mama akatozwa kwa kutoa. Shilingi moja ikapita katika malango mawili. Ilisemwa kwamba fedha hiyo ni ya kujengea madarasa na vituo vya afya, na vilijengwa kweli. Lakini wengi waliona uzito, wakarudia desturi ya zamani ya kufunga noti katika bahasha na kumpa kondakta wa basi. Septemba mwaka uleule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kikomo cha juu kilishushwa mpaka shilingi 4,000, na mwaka 2023 Serikali ikaifuta juu ya kutuma fedha. Hapa pana fundisho: kodi yaweza kubadilishwa ikiwa watu watasema kwa adabu na kwa hesabu ni mahali gani inapowaumiza.

Kodi ya majengo nayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kwa njia ya umeme wa Luku. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kwa sheria, kodi hii ni ya mwenye nyumba. Lakini anunuaye umeme ni mpangaji, na wengi wetu ni wapangaji. Basi yafaa mtu atunze ujumbe wa kila ununuzi, na mwisho wa mwaka aketi na mwenye nyumba wahesabiane kwa upole. Shilingi 18,000 si fedha ya kugombana, wala si fedha ya kusahau.

Mwaka 2023 huohuo ziliongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, na shilingi 20 katika kila kilo ya saruji, ambayo ni shilingi 1,000 katika mfuko wa kilo 50. Mwenzetu anayejenga nyumba ya mifuko 150 alipaswa kutafuta shilingi 150,000 zaidi. Asiyejenga naye hakupona. Lori linalomaliza lita 300 kuleta mchele mjini lilizidiwa na shilingi 30,000 kwa safari moja, na mwenye lori hazilipi yeye. Huzipeleka kwa mwenye ghala, naye humpelekea mwenye duka, na mwenye duka humpelekea mke wako anaponunua kilo mbili. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo hukitoa.

DUKA LA NYUMBANI

Sasa tuseme habari ya biashara ndogo. Hapana siri kwamba nyumba nyingi za watumishi husimama kwa miguu miwili: mshahara, na genge la mama, au cherehani, au banda la kuku. Mara nyingi mguu wa pili ndio unaolisha nyumba kutoka tarehe 15 mpaka mwisho wa mwezi. Lakini tunausahau bajeti inaposomwa.

Wapo wanaodhani kwamba duka dogo halilipi Kodi ya Ongezeko la Thamani, kwa kuwa halikuandikishwa. Ni kweli kwamba mwaka 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kuandikishwa kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 mpaka milioni 200 kwa mwaka. Lakini mama anaponunua sabuni na bidhaa nyingine zinazotozwa kwa mfanyabiashara wa jumla aliyeandikishwa, asilimia 18 imo tayari katika bei. Mwenye kuandikishwa huweza kurudishiwa hesabu ya aliyoilipa, asiyeandikishwa hawezi. Basi kodi hiyo ameilipa, naye lazima aitie katika bei anayouzia. Asipoitia, anakula mtaji wake bila kujua.

Kuhusu kodi ya mapato, Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliweka jedwali la wafanyabiashara wadogo. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hatozwi kitu. Mwenye mauzo ya kati ya milioni 4 na milioni 7 ana njia mbili. Kama hana kumbukumbu za biashara yake, hulipa shilingi 100,000 moja kwa moja. Kama anazo, hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Tazameni maana yake. Mama wa genge aliyeuza shilingi milioni 5 kwa mwaka, akiwa na daftari, hulipa 30,000. Jirani yake aliyeuza kiasi kilekile bila daftari hulipa 100,000. Aliyeuza milioni 8, kwa daftari hulipa 120,000. Bila daftari 250,000. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi leo twaweza kusema hupotea shilingi 70,000 kwa huyu na 130,000 kwa yule. Na daftari lenyewe ni kitu gani? Ni karatasi zilizopigwa mistari: tarehe, kilichonunuliwa, kilichouzwa, kilichobaki, na risiti zimefungwa kwa uzi. Kazi hiyo kila mmoja wetu huifanya kila siku kwa ajili ya mwajiri. Je, twashindwa kuifanya robo saa kila jioni kwa ajili ya wake zetu, waume zetu, na mama zetu?

Hapa, ndugu, ndipo tunapoona deni letu. Mtaa mzima hutuita wasomi. Mshona viatu aliye nje ya lango la ofisi hutusalimu kwa heshima. Lakini Afisa wa Mapato anapofika mtaani, mshona viatu huyo husimama peke yake bila kitabu, hukadiriwa kama asiye na kumbukumbu, na sisi twapita tukienda nyumbani. Heshima aliyotupa hatujamrudishia.

MASHAURI YA KAMATI

Kwa hayo yote, Kamati yaleta mbele yenu mambo manne.

La kwanza, kila mwanachama atunze hati zake za mshahara, na kila mwaka ailinganishe ya Juni na ya Julai. Asiyeelewa makato yake amwone Mwandishi wa Chama. Hapana aibu katika kuuliza.

La pili, asiwepo mwanachama atakayetia sahihi mkopo juu ya nyongeza ambayo bado haijafika mkononi.

La tatu, kila tawi lichague makarani wawili watakaokaa Jumamosi moja kila mwezi kuwafundisha wafanyabiashara wadogo wa mtaa wao kuandika daftari, bila malipo. Tuanze na nyumba zetu wenyewe, maana mwalimu ambaye mke wake hana daftari hatasikilizwa.

La nne, na kwetu ndilo kubwa, Chama kiandike maombi kwamba kila mara kima cha chini kinapopandishwa, kiasi kisichotozwa kodi kitazamwe upya siku hiyohiyo. Hatuombi kusamehewa kodi. Twaomba mistari miwili iende pamoja. Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wananchi juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha kabla haujapitishwa, basi mlango upo, na kazi yetu ni kuupitia mapema. Maombi yasiwe ya manung'uniko. Yawe na hesabu ile tuliyoifanya leo: 10,350, kisha 1,350, kisha 16,400. Tarakimu tatu hizo zasema zaidi ya kurasa kumi za malalamiko, tena hazimtukani mtu.

Bwana Mwenyekiti, tumemaliza. Karatasi tupu zimewekwa juu ya meza ile iliyo karibu na mlango, na kalamu zipo. Tunawaomba kila mmoja, kabla hajatoka, aandike mshahara wake wa kutajwa upande wa kushoto na wa kupokea upande wa kulia, kisha katikati aandike kila kilichokatwa na sababu yake. Msiandike majina. Atakayeweza kuijaza yote bila kuuliza, tutamwomba awe mwalimu wa Jumamosi ya kwanza.